Chora Kinachokulemea
Ukifika nyumbani jioni baada ya foleni ya barabara ya Thika, ukahisi kifua kimebana na maneno hayatoki, keti mezani na karatasi tupu na kalamu za nta za watoto, uchore kile kinachokulemea kwa mistari na rangi tu, bila kujali kama kinafanana na kitu chochote. Si lazima ujue kuchora. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, waliwapima watu wazima 39 kabla na baada ya dakika 45 za kufanya sanaa, na kwa takriban asilimia 75 yao kiwango cha kotisoli, homoni ya msongo, kilikuwa kimeshuka, wawe wazoefu wa sanaa au la. Mimi hupendelea udongo wa mfinyanzi, kwa kuwa vidole huufinya kwa nguvu zote na hasira ikapata pa kwenda. Hata hivyo, tiba ya sanaa yenyewe huongozwa na mtaalamu aliyeisomea; huzuni ikidumu zaidi ya wiki mbili, au usingizi ukipotea, tafadhali mwone mshauri nasaha au uende Hospitali ya Mathari, hospitali ya afya ya akili jijini Nairobi, na uichukue michoro yako uende nayo.