Digrii mbili Australia na moja ni uchumi: panga hesabu kabla ya kitu kingine

Wadogo zangu mnaotaka kusoma digrii mbili kwa mpigo Australia, uchumi na sheria, uchumi na kompyuta, uchumi na siasa, inawezekana kabisa ila ukienda bila ramani utaumia.

Elewa kwanza inavyokaa. Pale ANU (Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia), Canberra, digrii ya miaka 3 ni kozi 24, yaani 4 kila semista. Ukichukua mbili hufanyi 48, unafanya 32 kwa miaka 4 (ukichanganya na sheria inafika miaka 5), na zile 16 zilizopungua ni kozi za hiari, mwenzako wa digrii moja anajichagulia anachopenda, za kwako zimeshaliwa na digrii ya pili. Kwa hiyo ukifeli moja huna pa kuichomeka.

Sasa uchumi ni ngazi, huruki. Mikro 1 (uchumi wa mnunuzi na muuzaji mmoja mmoja) ndo inakufungulia Mikro 2, takwimu inakufungulia ekonometriki (kupima mambo ya uchumi kwa takwimu), na ekonometriki inakufungulia karibu kila kitu kizuri cha mwaka wa mwisho. Mimi takwimu niliisogeza mwaka wa pili nikaona nimalize kwanza kozi za upande wa pili, kumbe ekonometriki chuoni kwetu ilikuwa inafundishwa semista moja tu kwa mwaka, nikasubiri mwaka mzima, nikaongeza viza na ada juu, na nyumbani walikuwa wameshauza shamba. Hilo bado linaniuma, ndo maana naandika.

Chukua karatasi, chora vyumba 8 vya semista (10 kama unachanganya na sheria), halafu anza kujaza kutokea mwisho. Weka kozi ya uchumi unayoitaka mwaka wa nne, chini yake inayoifungulia, chini yake tena, mpaka ufike semista ya kwanza. Uchumi ukishakaa ndo uingize digrii ya pili kwenye mapengo. Kama nayo ina ngazi, mfano sheria, zipange zote mbili pamoja siku hiyohiyo.

Hesabu. Kama advance ulisoma EGM (uchumi, jiografia, hesabu) uko vizuri, kama ni HGE (historia, jiografia, uchumi) na BAM (zile hesabu za msingi) usiogope ila likizo nzima kabla ya kuondoka piga kalkulasi, hasa kutafuta mteremko (differentiation). Na usikariri madesa, fanya kwa vitu unavyovijua. Chukua nyanya za mama sokoni, tuseme idadi anayouza ni 100 ukitoa mara mbili ya bei. Bei ikiwa 20 anauza 60, mapato 1200. Akipandisha kwa asilimia 10 mpaka 22, anauza 56, mapato 1232, kapata. Lakini akianzia 30 anauza 40, mapato ni yaleyale 1200, na akipandisha kwa asilimia ileile mpaka 33 anauza 34, mapato 1122, kapoteza! Wateja ni walewale na mstari ni uleule, kilichobadilika ni pale alipoanzia. Ukilielewa hilo kwa mkono wako mwenyewe, mnyumbuko wa mahitaji (yaani bei ikipanda, mauzo yanashuka kwa kiasi gani) hautakusumbua tena, na hata kwenye darasa la sheria wakiongelea kodi ya sigara wewe utaona mbali zaidi ya wenzako, hapo ndo raha ya kusoma vitu viwili.

Kazi za kujikimu, viza ya mwanafunzi inaruhusu masaa 48 kwa wiki mbili wakati wa masomo, usiyamalize yote semista yenye ekonometriki.

Pia ipo tarehe ya mwisho ya kuacha kozi bila kudaiwa ada, ANU ni 31 Machi kwa semista ya kwanza na 31 Agosti kwa ya pili. Wiki moja kabla kaa na matokeo yako ya mwanzo uamue, ila ongea na ofisi ya wanafunzi wa kigeni kwanza maana viza inakutaka umalize ndani ya muda ulioandikiwa.

Na kabla hata hujasajili, waandikie idara barua pepe uulize: kozi hizi zinafundishwa semista gani mwaka huu na mwaka ujao? Wakijibu, majibu yaandike kwa kalamu kwenye ile karatasi ya vyumba 8.