Kupitisha DNA ndefu kwenye jeli ya agarosi

Kabla ya kupima agarosi, unga wa mwani unaogandishwa kuwa jeli ya kutenganisha vipande vya DNA kwa urefu wake vikivutwa na umeme, fahamu unachotaka kukipitisha. DNA ya lambda, kirusi kinachoshambulia bakteria, ina jozi za besi 48,502, yaani vipingo vinavyoujenga uzi wake na ambavyo urefu wa DNA huhesabiwa kwavyo. Ikinyooshwa hufikia takriban mikromita 16, lakini ndani ya maji hujikunja ikawa donge lenye upana wa mikromita moja hivi. Matundu ya jeli ni madogo kuliko donge hilo mara kadhaa, kwa hiyo uzi hulazimika kutanguliza ncha na kujipenyeza, kama nyoka apitaye katikati ya mafunjo ya kinamasi. Mwendo huo wa kinyoka ndio Mfaransa Pierre-Gilles de Gennes aliouelezea mwaka 1971.

Yeyusha gramu 0.8 za agarosi katika mililita 100 za bafa ya TAE, maji ya chumvi yanayopitisha umeme, iache ipoe hadi chupa ishikike mkononi, kisha imimine. Jeli ya asilimia 2 iachie vipande vifupi. Unapovuta DNA ndefu kwa pipeti, kwanza kata ncha ya tipu, kimrija cha plastiki cha mwishoni mwa pipeti, kwa mkasi safi, uvute polepole, maana tundu jembamba hukata nyuzi kabla hazijafika kwenye jeli. Wanafunzi hulipuuza hili, halafu huilaumu jeli.

Vishimo vya jeli vya kutilia DNA vikae upande wa elektrodi hasi, kwa kuwa fosfati huipa DNA chaji hasi nayo hukimbilia upande wa chanya. Usipandishe volti kwa haraka ya kurudi nyumbani: volti 5 kwa kila sentimita baina ya elektrodi zinatosha vipande vya kawaida, na virefu vipe 1 au 2, usiku kucha. Mkondo ukizidi, nyuzi ndefu hunyooka kuufuata na kwenda kwa kasi karibu moja, hata usiweze kuzitenganisha. Mwaka 1989, chini ya hadubini ya mng'ao, zilionekana zikinasa kwenye jeli kama kamba iliyoangukia tawi, pande mbili zikining'inia, mpaka upande mrefu uuvute ule mfupi na kuchomoka.

Umeme ukikatika, jambo ambalo sisi wa Kampala halitushangazi, usiitupe jeli. Jioni moja niliiacha gizani kwa saa nzima: mstari wa DNA ndefu, iliyonaswa katika matundu yake, ulibaki mwembamba vilevile, ila ule wa vipande vya jozi mia chache ulikuwa umetanuka na kufifia. Endelea ulipoachia, na uhesabu muda wa mkondo peke yake.