Jinsi ya Kutafuta Kazi ya Ushauri wa Vinasaba Katika Kampuni Changa

Mshauri wa vinasaba aliyezoea kliniki, ambako kazi yake ni kuzifafanulia familia hatari ya magonjwa ya kurithi, aanze kwa kutambua kwamba katika kampuni changa ya vipimo vya vinasaba huenda asionane na mgonjwa hata mmoja. Kwa hiyo, kabla ya kutuma maombi, amua ni sehemu gani ya taaluma yako ungependa kuifanya kila siku. Anayependa kupekua ushahidi atafaa kufasiri mabadiliko ya jeni, yaani kuyapanga katika madaraja matano ya mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 2015, kuanzia yasiyo na madhara hadi yanayosababisha ugonjwa. Anayependa kuzungumza na watu anaweza kuwashauri wateja kwa simu au video, ama kuwaelimisha madaktari wanaoagiza vipimo. Ipo pia kazi ya kuandika ripoti za majibu, ambayo kwa maoni yangu hudharauliwa isivyo haki, kwa sababu sentensi moja iliyoandikwa vibaya kuhusu badiliko lisilojulikana maana yake inaweza kumfikisha mtu kwenye upasuaji asiouhitaji.

Katika wasifu wako, usiishie kusema kwamba ulishauri wagonjwa. Eleza ulichobadilisha, kwa mfano fomu ya historia ya familia uliyoifupisha au utaratibu uliopunguza muda wa kusubiri majibu.

Usaili ndio mahali pa kuuliza maswali magumu, na la kwanza lihusu fedha. Uliza nani hulipia kipimo: mgonjwa, bima, hospitali, au kampuni ya dawa inayotaka takwimu za wateja. Uliza pia fedha zilizopo zitatosha kwa miezi mingapi, kwani hata jina kubwa si kinga: kampuni ya vipimo vya vinasaba ya Invitae iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mwaka 2024, na ile ya 23andMe ikafanya hivyo Machi 2025. Kisha uliza nani ana kauli ya mwisho pale idara ya mauzo na wanasayansi wanapotofautiana kuhusu maneno ya ripoti. Ukiambiwa kwamba malipo yako yatategemea idadi ya vipimo vitakavyouzwa, ikatae nafasi hiyo, maana mteja anayekuuliza kama anahitaji kipimo hataweza kuliamini jibu lako.

Ukiahidiwa haki ya kununua hisa, fahamu kwamba mara nyingi haki hiyo hukamilika kidogo kidogo kwa miaka minne, na anayeondoka kabla ya mwaka wa kwanza hapati kitu. Pima mshahara kana kwamba hisa hizo hazina thamani. Kwa kazi ya Marekani, ambako majimbo mengi hudai leseni yao wenyewe, mkataba useme nani atalipia leseni za majimbo wanakoishi wateja, na nani atakukatia bima ya dhima ya kitaaluma, yaani ya kukulinda ukidaiwa kwa kosa la kikazi. Ikiwa unataka kubaki na siku moja ya kliniki kwa wiki ili ujuzi wako usichakae, liombe jambo hilo kwa maandishi kabla hujatia saini.