Jinsi ya Kuchagua Filamu za Mapenzi ya Jinsia Moja Katika Tamasha

Kabla ya kununua tiketi, soma ratiba nzima ya tamasha na uweke alama kwenye filamu zitokazo katika nchi ambazo sinema zake bado hujazifahamu, kwa kuwa filamu za Marekani na Ufaransa mara nyingi hurudi baadaye katika majumba ya sinema, ilhali hizo nyingine huenda usizione tena.

Tuzo za filamu za aina hii katika matamasha makubwa ni mwongozo mzuri: Teddy hutolewa Berlin tangu 1987, Queer Lion hutolewa Venice tangu 2007, na Queer Palm hutolewa Cannes tangu 2010. Hata hivyo, tuzo zisikufumbe macho. Rafiki, filamu ya mwongozaji Wanuri Kahiu kuhusu mapenzi ya wasichana wawili, haikupata Queer Palm mwaka 2018, ingawa ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa Cannes. Nyumbani ilikuwa imepigwa marufuku, na baadaye mahakama iliiruhusu ionyeshwe kwa siku 7 tu. Ifahamu historia ya namna hiyo kabla ya kuingia ukumbini, maana huenda ikakueleza kwa nini mwongozaji mmoja amenong'ona pale ambapo mwingine angepaza sauti.

Tenga angalau kipindi kimoja cha filamu fupi (mimi huanza nacho), hakikisha kuna tafsiri ya maandishi katika lugha unayoielewa, na ubaki kusikiliza mazungumzo na waongozaji. Usiwapige picha watazamaji bila ridhaa yao, kwa sababu baadhi yao huhatarisha usalama wao kwa kuonekana hapo.