Somo: Mkoba wa kitenge wenye bitana, kwa yadi moja

Mkoba wangu wa kwanza ulinitoa aibu njiani, natoka sokoni na kilo tatu za viazi. Kitambaa kizima, uzi mzima. Ncha ya mkanda ndiyo iliyochomoka kwenye mshono, viazi vikatawanyika hadi mtaroni. Kwa hiyo leo mengine tutayapitia mbio, kwenye mikanda tutakaa.

Andaa yadi moja ya kitenge, yadi moja ya kitambaa cha bitana (hata shuka kuukuu la pamba linafaa), gamu ya kubandika kwa pasi, ile mafundi wanayotia kwenye kola za mashati, uzi wa poliesta, na sindano ya cherehani namba 14. Futi kamba, chaki, pini na mkasi najua unavyo. Kitenge kifue kwanza, kikauke, ukipige pasi. Usipofanya hivyo, siku ya kwanza ya kufua kitenge kitarudi na kupungua, bitana itabaki vilevile, na mkoba utajikunja.

Kukata. Vipande viwili vya kitenge, upana inchi 16, urefu 15. Vya bitana viwili, vya gamu viwili, vipimo hivyohivyo. Mikanda miwili, urefu inchi 24 kwa upana wa 4. Mfuko wa ndani, inchi 8 kwa 12, ukate kwenye bitana. Nusu inchi ya mshono imo humo tayari. Kama kitenge kina ndege au maua yenye shina, angalia vichwa viko wapi kabla ya kuweka mkasi. Kisha kwenye pembe mbili za chini za kila kipande kikubwa kata mraba wa inchi 2. Hapo ndipo kitako kitatokea.

Gamu. Upande wenye vichembe vya gundi ulale kwenye mgongo wa kitenge. Kandamiza pasi, inua, hamia pembeni. Usiburute kama unanyoosha shati, gamu itakunjamana.

Mikanda. Kunja mkanda katikati kwa urefu wake, piga pasi, ukunjue. Sasa una mstari. Leta kingo zote mbili zikutane kwenye mstari huo, pasi tena, kisha ukunje pale katikati. Umepata mkanda wa inchi 1 wenye matabaka manne. Shona kando zote mbili, siyo upande ulio wazi peke yake. Nusu ya kazi hii inafanywa na pasi. Anayeona uvivu kuinuka kwenda kwenye pasi atashona nyoka.

Mfuko wa ndani. Ukunje uso kwa uso uwe inchi 8 kwa 6, shona kuzunguka ukiacha tundu dogo, geuza, upachike kwenye bitana kwa pande tatu, inchi 4 kutoka juu.

Kuunga. Vipande vya kitenge uso kwa uso, shona ubavu, ubavu na chini. Ile miraba usiiguse. Kisha shika tundu la pembe, lete mshono wa ubavu ukae juu ya mshono wa chini, tundu litanyooka kuwa mstari, shona. Kitako cha inchi 4 hicho. Bitana nayo hivyohivyo, ila chini acha inchi 5 bila kushona.

Sasa mikanda. Geuza kitenge uso uwe nje. Pima inchi 4 kutoka kila mshono wa ubavu, weka ncha za mkanda, mkanda wenyewe ukining'inia chini. Ncha zipite ukingo kwa inchi 1 nzima. Mimi zamani nilizikata sawasawa na ukingo, ndiyo maana ya viazi. Piga bandi kwa mkono zisihame.

Tumbukiza kitenge ndani ya bitana, uso kwa uso, shona mdomo mzima. Kila ukifika kwenye ncha ya mkanda, nenda, rudi, nenda tena. Vuta mkoba wote kupitia lile tundu la bitana. Utaonekana umekuwa tambara, usiogope. Ziba tundu, piga pasi mdomo, ushone juu yake robo inchi kutoka ukingoni.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, wangu umegoma kugeuka. Nimefunga pande zote!*
Umesahau tundu, shoga. Fumua inchi 5 chini ya bitana. Mdomo usiuguse.

*Nina kanga moja, mwenzake alichanika. Inafaa?*
Inafaa, lakini ni nyepesi, gamu ni lazima. Mji, ile sehemu ya katikati ya kanga, uuweke katikati ya mkoba. Jina, yale maneno ya kanga, likate kama utepe, ulishone juu ya mfuko wa ndani, ila kwanza soma maneno gani yatabaki. Kuna majina ukiyakata katikati unabeba matusi kwapani.

*Naweza kutia zipu?*
Zipu ina somo lake. Kwa sasa tia kifungo cha sumaku kwenye bitana kabla ya kuunga, inchi 2 kutoka juu, na nyuma yake bandika kipande cha gamu kisichanike.

*Dada, sina cherehani. Niache?*
Usiache. Tumia uzi mara mbili na mshono wa kurudi nyuma: sindano inatoka mbele, inarudi kuingia pale mshono uliopita ulipoishia. Kwenye ncha za mikanda pita mara tatu, na uvae kastabini, kwani hapo sindano inasukuma matabaka saba.