Jinsi ya kuchagua pampu ya kuongeza presha ya maji bafuni

Wateja wengi hunipigia simu wakiwa tayari dukani: "Fundi, nichukue ya nusu HP (nguvu za farasi) au ya HP moja?" HP peke yake haisemi maji yatatokaje kwenye shawa. Kabla ya kutoa hela, pitia hatua hizi.

Hatua ya 1: Hakikisha tatizo ni presha kweli

Fungua kichwa cha shawa, acha maji yatoke bomba likiwa wazi, kinga ndoo ya lita 10. Ikijaa ndani ya dakika moja, halafu ukirudisha kichwa maji yanachuruzika tu, anza kukishuku kichwa chenyewe. Maji mengi ya visima huku Pwani yana chumvi, na matundu huziba. Kiloweke kwenye siki usiku kucha. Angalia pia geti valvu (koki ya kufungulia maji) ya tanki; mara nyingi imefunguliwa nusu na hakuna anayekumbuka.

Hatua ya 2: Pima kimo, kisha piga hesabu

Pima wima kutoka kitako cha simtanki hadi kichwa cha shawa. Kila mita 10 za kimo ni presha ya baa 1, kwa hiyo mita 3 zinakupa baa 0.3 tu. Kuongeza ukubwa wa tanki hakusaidii: liwe la lita 500 au 5,000, maji yakiwa kwenye kimo kilekile presha ni ileile.

Shawa ya kuridhisha inataka kama baa 1 hadi 1.5, na lita 8 hadi 12 kwa dakika. Tuseme unataka baa 1.2, yaani mita 12, na kitako cha tanki kiko mita 2 juu ya shawa. Zimebaki 10. Ongeza mita 3 zinazopotea kwenye mabomba na elbo (viungo vya kona), unapata 13: hicho ndicho kimo ambacho pampu inatakiwa kukuongezea. Bomba likiwa refu na la nusu inchi, upotevu ni mkubwa zaidi. La robo tatu inchi huupunguza sana. Mabafu mawili yakitumika kwa pamoja, unahitaji mita 13 kwenye lita 24 kwa dakika.

Hatua ya 3: Soma kibao cha pampu

Utakuta Hmax (kimo cha juu kabisa), tuseme mita 35, na Qmax (maji mengi kabisa), lita 35 kwa dakika. Muuzaji atakusomea zote mbili kana kwamba unazipata kwa pamoja. Hupati. Hmax ni pale maji yasipotoka kabisa. Qmax ni pale yasipopandishwa popote. Omba mchoro wa utendaji wa pampu (mstari unaoonyesha kimo kwa kila kiasi cha maji), uangalie inatoa mita ngapi kwenye lita zako 24. Duka lisilo na mchoro, nenda jingine.

Hatua ya 4: Chagua namna ya kujiwasha

Pampu ndogo za wati 100 hivi hujiwasha maji yakianza kutembea yenyewe. Ni rahisi na hazili umeme mwingi, lakini tanki likiwa karibu usawa mmoja na shawa, maji hayatembei vya kutosha kuiamsha. Hapo chukua yenye swichi ya presha na kitanki kidogo cha hewa. Hujiwasha presha inaposhuka.

Hatua ya 5: Usiisahau hita

Hapa ndipo watu hujuta. Shawa ya umeme ya kilowati 5.5 hupandisha joto la lita 4 kwa dakika kwa takriban nyuzi 20. Ukiipitishia lita 8, inapandisha nyuzi 10 tu. Dar es Salaam hutajali, maji ya bomba yenyewe yana uvuguvugu. Arusha au Njombe asubuhi ya Julai, utaoga maji baridi yenye nguvu. Soma pia presha ya juu inayoruhusiwa kwenye hita. Nyingi huishia baa 4, kwa hiyo pampu ya mita 60 ni kuitafutia hita kifo.

Hatua ya 6: Mahali pa kuifunga

Iweke karibu na tanki, chini ya usawa wa maji, ili isukume badala ya kuvuta. Usiiunge moja kwa moja kwenye bomba la mamlaka ya maji: unawanyima majirani, na bomba lenye ufa huvuta maji machafu ya mtaroni hadi kwako. Weka yunioni (kiungo cha kufungua na kufunga) na valvu pande zote mbili, na njia ya pembeni ili maji yapite pampu ikiharibika. Dai kinga ya kuzima pampu tanki likikauka. Waya wa ardhi si wa hiari. Fundi umeme aukague pamoja na swichi inayokata umeme ukivuja.

Ukisha kufunga, funga koki zote usiku na usikilize. Pampu ya swichi ya presha ikijiwasha mara kwa mara bila mtu kutumia maji, kuna mahali panavuja, na pa kuanzia kutafuta ni tanki la choo.