Jinsi ya kuzuia tangi la mafuta la ndege lisilipuke, na kuutunza mtambo wa naitrojeni

Wengi wakisikia tangi la ndege limelipuka wanadhani lilikuwa limejaa mafuta, kumbe tangi lenye mafuta kidogo chini ndo la kuogopa, maana kule juu kote panabaki hewa iliyochanganyika na mvuke, na kinacholipuka ni ule mchanganyiko. Ndege ya TWA namba 800, Boeing 747 iliyoruka New York kwenda Paris tarehe 17 Julai 1996, ilikuwa hivyo hivyo. Tangi lake la katikati, lile linalokaa tumboni kati ya mabawa, linabeba makumi ya maelfu ya lita ila siku ile lilikuwa na lita kama 190 tu, na chini yake kuna mitambo ya viyoyozi iliyokuwa imewashwa muda mrefu ndege ikiwa bado imepaki, joto likapanda kwenye tangi, mvuke ukajaa, dakika kama 12 baada ya kuruka likalipuka. Watu 230, hakupona hata mmoja. Wachunguzi wa NTSB, shirika la Marekani la kuchunguza ajali, walichunguza miaka 4 na cheche yenyewe hawakuipata kwa uhakika, walisema kinachoelekea zaidi ni shoti nje ya tangi iliyopitisha umeme mkubwa kwenye waya za kupimia mafuta.

Hilo la cheche kutopatikana ndo nataka ulishike. Moto unataka mvuke, cheche na oksijeni. Mafuta lazima yawepo, cheche huwezi kuapa kwamba umezimaliza zote kwenye ndege yenye waya zinazozeeka, kwa hiyo kinachobaki ni kuipunguza oksijeni mle ndani.

Anza na vitu ambavyo havihitaji mtambo wowote. Ndege ikiwa imepaki kwenye jua na tangi la katikati halina kitu, usiache viyoyozi vyake vinaunguruma masaa kama kuna hewa baridi ya kuunganisha kutoka nje. Pampu za tangi la katikati zisiachwe zikizunguka kavu, taa ya presha ndogo ikiwaka unazizima, na nasisitiza kwa sababu Boeing 737 mbili zimelipuka tangi hilo hilo zikiwa chini, moja Manila mwaka 1990 na nyingine Bangkok mwaka 2001. Halafu waya: ukifungua sehemu ya tangi angalia waya zilizosuguana na bomba, klampu zilizolegea, nyaya za kuunganisha ethi, na usibadilishe njia ya waya kwa sababu tu inakurahisishia kazi, ile nafasi kati ya waya na waya iliwekwa makusudi.

Sasa mtambo wenyewe wa naitrojeni, ule unaoipunguza oksijeni tangini. Hewa ya kawaida ina oksijeni kama asilimia 21. Kanuni ya mwaka 2008 ya FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, inalihesabu tangi la ndege ya abiria kuwa salama oksijeni ikiwa asilimia 12 au chini yake, kuanzia usawa wa bahari mpaka futi 10,000, na juu ya hapo kiwango kinapanda taratibu mpaka 14.5 kwenye futi 40,000. Ndege za kivita zinataka chini zaidi, asilimia 9, kwa sababu zinaweza kupigwa risasi. Kwa hiyo usidhani tangi linajazwa naitrojeni tupu, hapana, oksijeni inapunguzwa mpaka moto ukose nguvu.

Na hakuna mtungi unaobebwa. Ndege nyingi zinachukua hewa ya moto kutoka kwenye injini (Boeing 787 yenyewe inatumia kompresa za umeme), inapoozwa, inapita kwenye filta, halafu inaingia kwenye silinda iliyojaa nyuzi nyembamba sana zenye uwazi katikati, maelfu kwa maelfu. Oksijeni inapenya haraka kwenye kuta za hizo nyuzi na kutupwa nje ya ndege, naitrojeni inabaki inasonga mbele mpaka tangini. Ndege ikishuka ndo kazi inakuwa kubwa, maana presha ya nje inapanda na tangi linavuta hewa mpya yenye oksijeni kupitia matundu yake ya kupumulia, kwa hiyo mtambo unaongeza mtiririko wakati huo.

Kinachoua hizo nyuzi ni uchafu, mafuta ya injini na joto lililozidi. Filta ukiichelewesha unakuja kununua silinda nzima, na zinachoka polepole bila kelele yoyote, ndege inaruka vizuri tu huku oksijeni inapanda siku hadi siku, ndo maana kipimo cha oksijeni kwenye hewa inayotoka hakirukwi hata kama ndege haijalalamika. Angalia pia vali za kuzuia kurudi nyuma, zile zinazuia mvuke wa mafuta usitembee kuelekea upande wa hewa ya moto, moja ikivuja umejitengenezea hatari palepale ulipokuwa unaizuia.

Kwenye 737 rubani hana taa ya mtambo huu, taa ziko chini, pale magurudumu makuu yanapoingia: kijani unafanya kazi, bluu umepungua nguvu, njano umekufa. Usiipite ile bluu kwa sababu ndege bado inaruhusiwa kuruka, iandike kwenye logi, fuata siku zilizowekwa kwenye MEL ya ndege yako, ile orodha ya vifaa ambavyo ndege inaruhusiwa kuruka navyo vikiwa vibovu, na anza kutafuta sababu kwenye filta na kwenye bomba zinazovuja.

Mwisho ni wewe mwenyewe, na hapa naomba usiharakishe. Naitrojeni haina harufu, haina rangi, haikukabi koo, unavuta pumzi kadhaa unaanguka, na anayekukimbilia bila kufikiri naye anaanguka juu yako. Kabla hujaingiza hata kichwa kwenye tangi, zima mtambo, vuta serikiti breka (swichi ya kukata umeme wake) na uweke kibao cha onyo, toa mafuta, pitisha hewa safi, halafu pima: oksijeni iwe kati ya asilimia 19.5 na 23.5, na mvuke uwe chini ya asilimia 10 ya kiwango cha kuanzia kuwaka. Pima juu, katikati na chini, kona za tangi zinashika gesi. Mwenzako akae mlangoni muda wote, asitumwe spana wala asipokee simu, na kipimo kiendelee kuwaka ukiwa ndani. Kikilia toka, zana ziache hukohuko.

Ukishafunga tangi rudisha breka, toa kibao, na ndege ikirudi kutoka safari yake ya kwanza shuka pale kwenye magurudumu uangalie ile taa ni ya kijani kabla hujasaini.